Mtoto hakai wiki tatu bila kukohoa: je, ni jiko la mkaa?

"Daktari, shikamoo. Naishi Mbagala, chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, tuko wapangaji sita. Nauza maandazi na maharage asubuhi, napikia mkaa koridoni kuanzia saa kumi usiku. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Tangu mwaka jana hakai wiki tatu bila kukohoa, usiku kifua kinalia kama filimbi, na mara mbili amepewa dawa za nimonia. Kwenye redio nasikia habari za nishati safi na mabadiliko ya tabianchi. Mume wangu anasema tabianchi ni mambo ya Wazungu, viwanda ni vyao, kijiko chetu hiki kinaharibu nini? Mama mkwe anasema mkaa hauna moshi, wenye moshi ni kuni, tena gesi inalipuka na maharage yake hayana ladha. Sijui nimsikilize nani. Je, kikohozi cha mtoto kinahusiana na jiko? Na nikibadilisha atapona, au nitakuwa nimemaliza mtaji wangu bure?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Mtoto akikohoa usiku mama halali, na wewe saa kumi unatakiwa uwe umeshakanda unga. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeniuliza mambo mawili yaliyoshikana: kifua cha mwanao, na ubishi wa nyumbani kwenu juu ya tabianchi. Naanza na mtoto.

Jiko linahusika, ndiyo. Siwezi kukuambia kwa barua kwamba ndilo chanzo pekee, na mtu yeyote asikuhakikishie hivyo kabla hajamsikiliza mtoto kifua. Lakini kifua kinacholia filimbi usiku, kikatulia, kikarudi tena, kwa mtoto wa umri huo, kinanifanya niifikirie pumu kabla ya kufikiria nimonia ya tatu. Pumu ina vichochezi vyake: mafua, vumbi, baridi ya alfajiri, na moshi. Mafua huwezi kumkinga nayo yote. Moshi unaweza kuupunguza, na ndiyo maana barua yako imenigusa.

Sasa tumsikilize mumeo, maana ana hoja. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, ile gesi kuu inayoongeza joto. Joto hili tunaloliona limeletwa kwa sehemu kubwa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa Ulaya, Marekani na baadaye Asia kwa zaidi ya miaka 150. Akisema kijiko chenu hakikuleta ukame, anasema kweli, na mimi sitambishia.

Anapokosea ni pale anapoona kwamba basi habari hii haituhusu. Moshi unaotoka kwenye jiko lako unagawanyika njia mbili. Sehemu moja inapanda juu, inachanganyika na hewa ya dunia nzima, na huko mchango wako ni tone katika bahari. Sehemu ya pili haiendi popote. Inabaki koridoni, inaingia chumbani kupitia juu ya mlango, inaingia kwenye pua ya mwanao. Hiyo hamgawani na Mzungu yeyote, ni yenu nyinyi watu wa nyumba ile. Mimi sijawahi kumwomba mgonjwa wangu abadilishe jiko kwa ajili ya dunia. Namwomba abadilishe kwa ajili ya kifua chake, na dunia ifaidike njiani.

Mama mkwe naye. Kwamba mkaa hauna moshi, hilo nalisikia karibu kila wiki, na linaeleweka: ukiweka moto wa kuni na jiko la mkaa lililokolea ubavu kwa ubavu, macho yanachomwa na kuni. Lakini moshi wa mkaa ule haukupotea. Uliachwa kwenye tanuri, huko ulikochomewa. Matanuri ya udongo ya kienyeji yanahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na kilichobaki chote kimeishia hewani na kifuani mwa mchomaji. Tena mkaa ukishakolea, ile rangi nyekundu safi inatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Ukiivuta inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni uchovu. Huko Njombe, Mbeya na Arusha, msimu wa baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakafunga dirisha, na asubuhi hawaamki. Mwambie mama kwa heshima zote: kinachoua kwenye mkaa ni kile asichokiona.

Halafu kuna ile nusu saa ya kuwasha. Nimewahi kusimama kwenye korido kama ya kwenu, Temeke, saa kumi na moja alfajiri. Majiko manne yalikuwa yamepangwa ukutani. Mmoja alikuwa anawashia kwa chupa ya maji iliyokatwa vipande, mwingine kwa nailoni na mafuta ya taa kidogo. Nikawasha tochi ya simu, na mwanga wake ukaonekana umenyooka hewani kama fimbo nyeupe, kwa wingi wa chembe zilizokuwa zikielea. Mama mmoja alikuwa ameinama anapepea kwa kipande cha boksi, mtoto mgongoni amefungwa khanga, kichwa kimeegemea bega la mama, usingizini, pua ikiwa juu ya moshi kabisa. Mama mwenyewe aligeuza uso akakohoa. Mtoto hakuwa na pa kugeukia.

Zile chembe ndizo hasa zinazotusumbua sisi wa magonjwa ya kifua. Zenye madhara zaidi ni zile ndogo kiasi kwamba ukipanga 30 kwa upana hazifikii unene wa unywele mmoja. Vumbi la barabarani, lile la kuonekana, pua inalichuja na kikohozi kinalitoa. Chembe hizi zinapita kote huko, zinafika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye vifuko ambako hewa inakutana na damu. Huko kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kuwameza vijidudu. Zikishajaa masizi zinachoka, kijidudu cha nimonia kikija kinakuta walinzi wamelemewa. Njia za hewa nazo zinavimba, zinajaa ute, zinabana, na hapo ndipo filimbi inapolia. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe na mapafu yake bado yanakua, kwa hiyo kwa uzito wake anavuta moshi mwingi zaidi yako.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka 5. Watu wazima wengi hawakufa kwa kukohoa. Walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo, kwa sababu zile chembe zinachokoza mishipa ya damu mwili mzima. Wengine walipata saratani ya mapafu. Wapo pia wasiokufa ila wanapoteza nuru: mtoto wa jicho huwapata zaidi wanawake waliopikia moshi miaka mingi. Nikimwona bibi wa miaka 60 anayepumua kama aliyevuta sigara maisha yake yote, na hajawahi kuigusa, swali langu la kwanza ni amepikia nini.

Umeniuliza pia, kwa kinywa cha mumeo, tabianchi inaingiaje. Inaingia kwa sababu vitu vile vile vinafanya kazi zote mbili. Masizi meusi yakiwa angani yananyonya jua na kuongeza joto, na yanadumu siku chache tu au wiki kadhaa kabla ya kuanguka. Tanuri la mkaa linatoa methani, gesi inayodumu angani kama miaka 12, ambayo katika miaka 20 ya kwanza inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Hewa ukaa yenyewe inakaa karne na karne. Maana yake ni kwamba ukipunguza masizi na methani, matokeo hayawasubiri wajukuu. Na kwa mapafu ni mapema zaidi: kuna watoto ambao filimbi inapungua ndani ya wiki chache tangu moshi uondoke walipo.

Kuna na suala la miti. Takwimu za serikali yetu zimetaja takriban hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka Tanzania. Nisikudanganye, kinachokata misitu kuliko vyote ni kufungua mashamba. Ila mkaa unafuata nyuma ya shamba na mara nyingine unalitangulia, na Dar es Salaam pekee imekadiriwa kula karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Utakumbuka Oktoba 2022, tulivyopanga ndoo. Mvua zilikosekana, Mto Ruvu ukashuka, mji ukaingia kwenye mgao wa maji. Maji ya Ruvu yanaanzia milima ya Uluguru, na mlima wenye miti unayaachia maji polepole hata kiangazi, wakati mlima mtupu unayamwaga yote siku ya mvua pamoja na udongo wake. Mgao ule haukuletwa na gunia lako la mkaa. Ila mahali msitu ulipoisha, ukame ule ule unauma zaidi, na mtoto aliyekosa maji safi anaumwa kuhara, ambako nako tunakutana naye hospitali.

Sasa lile swali gumu: ukibadilisha, atapona? Hapa nitasema kweli hata kama haipendezi, maana mtaji ni wako. Malawi walifanya utafiti mkubwa wenye watoto zaidi ya 10,000. Baadhi ya kaya zikapewa majiko banifu ya kuni yenye feni, nyingine zikaendelea na mafiga. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, nimonia ilikuwa ile ile pande zote mbili. Baadaye kukawa na utafiti mwingine katika kaya 3,200 za Guatemala, India, Peru na Rwanda, safari hii kwa gesi ya mitungi, bure. Moshi walioupumua akina mama ulipungua sana. Lakini matokeo yaliyotoka kuanzia 2022 hadi 2024 yalionyesha kwamba uzito wa watoto wakizaliwa haukuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa, wala nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Wapo waliosikia hayo wakasema basi moshi si tatizo. Mimi sikubaliani nao. Uhusiano wa moshi na ugonjwa haujanyooka. Ukitoka kwenye moshi mzito sana ukaingia kwenye moshi wa kati, mapafu yanapata nafuu ndogo mno, kwa sababu hata huo wa kati bado ni mwingi. Faida kubwa iko chini kabisa, hewa inapokaribia kuwa safi kweli. Na nyumba moja haiwezi kufika huko peke yake kama jirani anachoma takataka, na mwingine kawasha mkaa mita mbili kutoka mlangoni kwako.

Ninapowaeleza watu hili huwa natoa mfano wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi. Watu wa mji ule walikuwa wanapasha nyumba joto kwa makaa ya mawe yenye moshi. Septemba 1990 serikali ikapiga marufuku kuyauza mjini. Haikuwa kwa ajili ya tabianchi, walichoka tu na hewa chafu. Masizi hewani yakashuka kwa takriban asilimia 70, na vifo vya magonjwa ya kupumua katika miaka sita iliyofuata vikapungua kwa takriban asilimia 15 vikilinganishwa na miaka sita ya kabla. Mji mzima uliacha kwa wakati mmoja, hewa ya wote ikabadilika.

Kwa hiyo, dada yangu, jambo la kwanza ninalokushauri halihitaji mtaji. Majiko yatoke koridoni. Yote sita, si lako tu. Ukihamisha lako uani na matano yakabaki, mwanao ataendelea kuvuta moshi wa majirani. Kaa na wenzako, waambie daktari amesema mtoto ana kifua, ombeni mwenye nyumba ruhusa ya kuezeka bati mbili uani upande usiopeleka upepo madirishani. Mkaa uwashiwe nje kabisa, ukishakolea ndipo jiko lisogezwe chini ya bati. Nailoni na chupa zisiwake tena, moshi wa plastiki una sumu zake za ziada. Mafuta ya taa nayo yaache. Washia vijiti vikavu, na mkaa uuhifadhi usinyeshewe, maana mkaa mbichi ndio unaofuka. Na mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuwasha. Najua saa kumi usiku hakuna wa kumwachia isipokuwa baba yake. Basi baba yake amshike.

Jambo la pili ni maharage. Ndiyo yanayokula mkaa wako kuliko kitu chochote, saa mbili au tatu jikoni. Hapa umeme unashinda kwa mbali, na watu wengi hawaamini mpaka waone kwa macho. Jiko la umeme la presha lina ukuta unaozuia joto kutoka, na ndani yake maji yanapita nyuzi 110 badala ya kukwama kwenye 100. Linavuta umeme kwa nguvu mwanzoni, halafu linajizima na kujiwasha lenyewe. Kilo moja ya maharage inaiva ndani ya saa moja hivi kwa takriban nusu uniti. Hata kwa bei ya kawaida ya mjini, inayozunguka shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 200. Linganisha na makopo ya mkaa unayomaliza kwa chungu kimoja, wewe ndiye unayejua hesabu yake. Umeme wetu nao sasa unatoka kwa wingi kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Linategemea mvua, na hilo ni sababu nyingine ya kuijali misitu.

Kikwazo nakijua: LUKU ya pamoja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla kwa nyumba nzima. Kwenye nyumba za kupanga ukionekana umeingiza jiko la umeme, wapangaji wananuna na mwenye nyumba anapiga marufuku. Wana haki ya kuogopa, maana jiko la koili linakula kweli. La presha si la namna hiyo. Wanunulie uniti za siku moja, pika mbele yao, wote watazame namba kwenye mita kabla na baada. Au mkubaliane ufunge mita ndogo ya chumba chako, fundi umeme anayejua kazi anaifunga. Waya za koridoni kwanza zikaguliwe. Kama zinapata moto mkiwasha pasi, usichomeke jiko hapo.

Maandazi ni habari nyingine, yanataka moto mkali na karai pana, kwa hiyo hayo ni ya gesi. Gesi ya mitungi nayo inatoka ardhini, inaongeza hewa ukaa, na inatoa gesi zake kidogo zinazokera mapafu, kwa hiyo siiiti safi kabisa. Lakini masizi yake ni machache sana ukilinganisha na mkaa, na pale ambapo miti inakatwa kuliko inavyoota, hata kwa tabianchi hesabu yake kwa ujumla ni nafuu. Mafuta ya maandazi pia yakiungua yanatoa moshi wake. Karai likianza kufuka, punguza moto.

Kuhusu kulipuka, mama mkwe hakuota. Ajali zipo, na nimehudumia walioungua. Karibu zote zinaanza na uvujaji ambao mtu aliusikia harufu akapuuza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi dirishani, inatambaa sakafuni na kutuama, ikingoja cheche. Wenyewe wameitia ile harufu ya yai viza makusudi ili ikujulishe. Basi mtungi usimame wima, usilale. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira, ukiona mapovu yanakua, inavuja. Mpira ukichakaa badilisha. Ukimaliza kupika funga kwenye mtungi kwanza, si kwenye jiko tu. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa, wala kuwasha wala kuzima. Fungua mlango, funga mtungi, toeni watoto nje. Kwa chumba kimoja mnachoishi na kulala, sikushauri upikie humo ndani. Weka pale uani chini ya bati, na usiku ufungie mtungi mahali penye hewa, mbali na majiko ya mkaa ya wenzako. Na unaponunua, dai upimwe kwenye mizani mbele yako.

Ladha? Naomba nimtetee mama kidogo, maana mkaa unaacha harufu ambayo tumelelewa nayo. Lakini utamu wa maharage uko kwenye kuiva polepole na kwenye nazi. Yaivishe kwa presha, kisha uyaunge kwa kitunguu na tui la pili kwenye sufuria wazi, moto mdogo, dakika 20, umalizie na tui zito. Mpelekee bakuli bila kumwambia.

Serikali imejiwekea lengo, kwenye mkakati uliozinduliwa Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi ya ruzuku kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imelenga zaidi vijijini, kwa hiyo wewe wa Mbagala usiisubiri. Ila wachomaji mkaa wa Kisarawe na Rufiji nao wana watoto wanaokohoa, na hao wanahitaji kazi nyingine kabla hawajaambiwa waache. Hilo sisi madaktari hatulisemi vya kutosha.

Usianze vyote siku moja ukamaliza mtaji. Anza na korido wiki hii. Jiko la presha liwe la kwanza kununuliwa, kwa sababu linarudisha pesa yake kwenye mkaa unaouokoa. Gesi ya maandazi ifuate. Mkaa hautaisha nyumbani kwako kesho, nalijua hilo, lakini saa zile tatu za maharage zikiondoka, umeondoa sehemu kubwa ya moshi wa alfajiri.

Haya yote hayachukui nafasi ya kumpeleka mtoto. Mpeleke wiki hii, hata kama leo amechangamka. Mwambie mhudumu kwamba kifua kinalia filimbi usiku, kinarudi rudi, na kwamba ametumia dawa za nimonia mara mbili. Uliza waziwazi kama ni pumu. Ikiwa ndiyo, usiiogope dawa ya kuvuta, si kweli kwamba mtoto akiianza haiachi. Mtoto mdogo hawezi kuivuta moja kwa moja, inapitishwa kwenye kichupa maalumu. Kama hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako inafanya kazi hiyo vizuri, mhudumu atakuonyesha. Kwa kuwa amekohoa muda mrefu, aulizwe pia habari ya kifua kikuu: kama amekonda, anatoka jasho usiku, au kuna mtu mzima nyumbani kwenu anayekohoa wiki mbili au zaidi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Na kuna wakati wa kutokungoja asubuhi. Akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima ukitazama saa ya simu. Kwa umri wake, mara 40 au zaidi ni haraka mno, apelekwe siku hiyo hiyo. Ukiona mbavu za chini zinaingia ndani kila akivuta pumzi, au anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea hashtuki ukimwita, au midomo imebadilika rangi, chukua bodaboda usiku huo huo. Na ikiwa watu zaidi ya mmoja chumbani wameamka na kichwa kinauma na kizunguzungu, tokeni wote nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali, na mseme mapema kwamba kulikuwa na mkaa.

Kama una mimba, au utaipata, mweleze mhudumu wa kliniki unapikia nini. Siku ya kumpeleka mtoto beba kadi yake ya kliniki na makopo ya dawa zote alizowahi kupewa, hata yaliyoisha. Akilia filimbi usiku kabla ya siku hiyo, mrekodi kwa simu sekunde 30. Mchana mbele ya daktari kifua kinaweza kuwa kimya kabisa.